Sebule ya damu ya mzee: kisa cha ukuta uliogoma kushika rangi

Kabla ya yote

Hiki ni kisa cha sebule moja na korido yake. Wenye nyumba wamekubali nikiandike, majina nimeyaficha na vitu vya kuwatambulisha nimeviondoa, kwa hiyo humu kuna Mama mwenye nyumba, kuna Baba, kuna fundi, na kuna mimi ambaye kazi yangu ni kushauri watu mambo ya rangi na taa za ndani. Niliitwa wakati mambo yameshaharibika, yaani ukuta umeshapigwa rangi mikono mitatu na bado una mabaka. Yale ya mwanzo nayaandika kama walivyonisimulia, na hawakukubaliana kwenye kila kitu.

Hali ilivyokuwa

Sebule ni mita 5 kwa 4, urefu wa ukuta hadi dari mita 2.8, milango miwili, dirisha kubwa upande mmoja na dogo upande wa pembeni. Kuta zilikuwa nyeupe, ile nyeupe kali ya nyumba mpya, dari nyeupe, skatingi (ule ukanda wa chini ya ukuta) nyeupe. Korido inaanzia mlango wa sebule, ndefu kama mita 6, upana mita 1 na kidogo, haina dirisha hata moja. Makochi ya kijivu, zulia la kahawia, balbu moja katikati ya dari.

Mama alichoka na weupe. Alitaka damu ya mzee, na alikuwa anajua anachotaka: sio nyekundu ya kung'aa, sio zambarau, alitaka ile ya divai nyekundu ukiiangalia ndani ya glasi, nzito, yenye giza. Baba yeye alisema sawa ila ukuta mmoja tu. Wakabishana wiki nzima hivi, Mama akashinda, kuta zote nne pamoja na korido.

Rangi waliichagua dukani kwenye kile kikadi kidogo cha sentimita chache, saa tano asubuhi, chini ya taa za duka. Hapo ndo kosa la kwanza lilipoingia na hakuna aliyeliona.

Mambo yalivyokwenda, mkono kwa mkono

Fundi alipiga hesabu yake vizuri, tena nimeirudia mwenyewe. Sebule ukitoa milango na madirisha inabaki kama mita za mraba 42, korido kama 25, jumla 67. Kopo lilisema lita moja inafunika mita za mraba 12, mikono miwili ni 134, gawanya kwa 12 unapata lita 11 na ushee. Wakanunua makopo matatu ya lita 4. Rangi ya maji, silki, yaani ile ya kung'aa. Hesabu hiyo kwa krimu au nyeupe ingetosha na chenji ikabaki.

Mkono wa kwanza ulipigwa moja kwa moja juu ya nyeupe. Mama akaingia akakuta ukuta wa pinki. Yaani pinki kabisa. Akapiga kelele, "Fundi hii siyo niliyochagua!" fundi akamwambia mama subiri ikauke, na alikuwa sahihi, kwa sababu rangi ya maji ikiwa mbichi ina utomvu ndani yake wa weupe weupe kama maziwa na rangi nzito zinaonekana zimepauka, ukikauka ule utomvu unakuwa wazi ndo rangi yenyewe inatokea. Ikakauka. Ikawa nyeusi zaidi lakini ina michirizi, kila alipopita rola panaonekana, na kwenye kingo alipokata, yaani alipotangulia kupaka kwa brashi, pana fremu nyeusi kuzunguka kila ukuta kama picha.

Mkono wa pili ulipigwa siku hiyo hiyo jioni, saa nne tu zimepita tangu ule wa kwanza. Sehemu nyingine rola ilianza kung'oa mkono wa kwanza. Fundi anasema aliambiwa amalize haraka, Mama anasema hakumwambia hivyo, mimi sikuwepo. Korido nayo ikapigwa mikono miwili. Makopo matatu yakaisha, yakabaki masalia chini chini.

Asubuhi ukuta bado una mabaka. Wakanunua kopo la nne, namba ile ile ya rangi, duka lile lile, ila wiki imepita tangu yale ya kwanza yanunuliwe na hili limechanganywa upya kwenye mashine. Mkono wa tatu sebuleni: kopo likaishia katikati ya ukuta wa TV. Fundi akafanya ambacho mafundi wengi wangefanya, akakusanya masalia ya makopo ya zamani akamalizia. Ilipokauka ukatokea mkanda, kushoto wekundu wa kahawia, kulia wekundu unaovuta zambarau kidogo, na mpaka wake umesimama wima nyuma ya TV kama mtu kachora kwa rula.

Alafu usiku wakawasha taa. Balbu yao ilikuwa ile nyeupe ya bluu, kelvini 6500 (kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga, namba kubwa ni mwanga wa bluu, ndogo ni wa njano). Baba akasema, namnukuu kwa ruhusa, "Tunaishi ndani ya maini."

Hapo ndo nikapigiwa simu.

Nilichokikuta

Nilifika saa kumi jioni makusudi, nikakaa hadi saa mbili usiku, kwa sababu rangi hii usiipime saa moja tu. Nilichokiona:

Mabaka yalikuwa kwenye sehemu ambazo rola ilipita nyepesi. Mwanga unaingia kwenye rangi, unafika kwenye nyeupe ya chini, unarudi. Hiyo ndo siri ya rangi nyekundu nzito ambayo watu wengi hawaambiwi dukani. Rangi nyeupe na za mwanga zinafunika ukuta kwa sababu ya titani dioksaidi, ule unga mweupe unaopindisha mwanga kwa nguvu sana mpaka huoni chini yake. Sasa ili upate damu ya mzee huwezi kutia unga mweupe mwingi, itageuka pinki, kwa hiyo kopo linaanza na besi ya rangi nzito ambayo karibu haina unga huo, kisha inajazwa rangi za mashine. Na wekundu wa aina ya kikaboni, ule mkali na mzuri, una uwazi kama kioo cha rangi. Wekundu wa udongo, ule wa oksaidi ya chuma, unafunika vizuri mno lakini unakupa rangi ya tofali sio ya divai. Kwa hiyo uzuri uleule walioupenda ndo uliokuwa unakataa kufunika, fundi angepiga mikono sita juu ya nyeupe na bado ungeweza kuona palipo pembamba.

La pili, mng'ao. Silki juu ya rangi ya giza inaonyesha kila kitu, na dirisha dogo la pembeni lilikuwa linamulika ukuta kwa ubavu, kila kibonde cha plasta kikawa na kivuli chake. Ukuta ule ule ukiwa mweupe hakuna aliyejua una mabonde.

La tatu, mwanga. Ukigeuza kikadi cha rangi nyuma, makampuni mengi wanaandika kiasi cha mwanga ambacho rangi inarudisha. Nyeupe nzuri inarudisha zaidi ya asilimia 80. Hii yao ilikuwa 6. Fikiria sebule ambayo mwanga ulikuwa unagonga ukuta unarudi unagonga mwingine unarudi, sasa ukigonga mara moja umekwisha. Balbu ni ile ile lakini chumba kimenyimwa yale mapigo yote ya pili na ya tatu.

Na kuna kitu cha nne ambacho Mama alikisema mwenyewe bila kujua ni kitu kinachojulikana: "Dada, jua likianza kuzama ukuta unakuwa mweusi kabla ya kitu kingine chochote." Ni kweli kabisa. Mwanga ukipungua jicho linahama kutoka seli za mchana kwenda seli za usiku, na hizi za usiku karibu hazioni wekundu. Mwanasayansi wa Kicheki Jan Purkinje alieleza jambo hili karne ya 19, ndo maana ua jekundu bustanini jua likizama linakuwa jeusi wakati majani yake bado unayaona. Sebule ya damu ya mzee inapitia hiyo kila siku, nusu saa hivi, na hakuna kopo litakalokuokoa na hiyo, ni kuwasha taa mapema basi.

Halafu makochi. Baba alikuwa na uhakika makochi yamebadilika rangi. "Haya yalikuwa ya kijivu, sasa hivi ni ya kijani." Nikachukua mto mmoja nikautoa nje, kijivu. Nikaurudisha, kijani. Jicho likishiba wekundu linampaka jirani yake rangi pinzani, na pinzani wa nyekundu ni kijani kibichi. Mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul alikuwa mkuu wa upakaji rangi nyuzi kwenye karakana ya Gobelins mjini Paris, watu wakawa wanalalamika kwamba nyuzi zake nyeusi hazina weusi wa kutosha, akachunguza akakuta nyuzi hazina shida yoyote, shida ni rangi zilizosukwa jirani nazo. Mwaka 1839 akachapisha uchunguzi wake. Nilimsimulia Baba, akasema sawa lakini kochi bado la kijani.

Maamuzi na kwa nini

Mezani palikuwa na njia tatu. Kuongeza mkono wa nne juu ya yale yale. Kurudi krimu na kusahau. Au kusimama, kusawazisha, kupiga andakoti ya kijivu, yaani rangi ya kutangulia chini ya rangi yenyewe, na kuanza upya.

Fundi alitaka ya kwanza, na sio kwa uvivu, ni kwamba kwa rangi nyingine zote alizopiga maishani mkono wa nne ungemaliza. Mimi nilikataa kwa sababu mbili: ule mkanda wa bechi mbili, yaani rangi iliyochanganywa mara mbili tofauti, ungebaki, na rangi ilikuwa imeanza kuwa nene na laini. Niligusa kwa ukucha, ikaacha alama. Rangi za mashine zinakuja na vimiminika vinavyochelewa sana kukauka, na kopo la rangi nzito kama hii linabeba nyingi kupita krimu, ukirundika mkono juu ya mkono siku moja unafungia unyevu ndani. Saa nne zilizoandikwa kwenye kopo ni za hali nzuri. Kwa rangi hii mimi huwa nasema lala, uamke, ndo upige mkono mwingine.

Tukachagua ya tatu. Tukaacha ukuta siku kumi ukauke kwelikweli. Baba hizo siku kumi alizihesabu kwa sauti.

Baadaye fundi akapiga msasa kuta zote kutoa ule mng'ao ili andakoti ishike, akajaza mabonde ya ule ukuta unaomulikwa na dirisha dogo, akapiga msasa tena. (Nyumba hii ni mpya kwa hiyo tulisugua bila wasiwasi, ila kama nyumba yako ni ya zamani na ina rangi za mafuta za miaka ile, usisugue pakavu kabla hujapima kama ina madini ya risasi, vumbi lake ni sumu hasa kwa watoto.)

Andakoti ya kijivu. Hapa fundi alinitazama kama nimechanganyikiwa, maana ukuta ulikuwa umeshakuwa mwekundu alafu mtu anasema uupake kijivu. Nikamwomba tujaribu kwenye ubao: nusu nyeupe, nusu kijivu cha giza la katikati, juu yake mkono mmoja tu wa damu ya mzee. Upande wa kijivu ulionekana umekaribia kumaliza, upande wa nyeupe pinki na michirizi. Kijivu kinafanya kazi kwa sababu giza lake linakaribiana na giza la rangi ya juu, kwa hiyo palipo pembamba pakichungulia hapapigi kelele. Nyeusi ingezidisha, inaiua rangi. Baada ya ule ubao fundi hakubisha tena na nasikia siku hizi anawaambia wateja wake habari za kijivu kama alizaliwa nazo.

Rangi ya juu: safari hii tulihesabu mita 10 kwa lita badala ya 12, makopo matatu kwa sebule peke yake, yote yakamwagwa kwenye ndoo moja kubwa yakachanganywa kabla ya tone la kwanza kugusa ukuta. Hii peke yake ingezuia ule mkanda. Tulibadilisha pia mng'ao, kutoka silki kwenda ile yenye mng'ao kidogo kama wa ganda la yai. Mati kabisa, ile isiyong'aa, ingeficha mabonde vizuri zaidi, ila mati ya giza ukiigusa au kuifuta inaacha alama inayong'aa, na hii nyumba ina watoto wawili wenye mikono.

Upigaji nao tukaubadilisha. Zamani fundi alikuwa anakata kingo za chumba kizima kwa brashi kwanza, zinakauka, ndo anakuja na rola, na ndo zile fremu nyeusi. Safari hii walikuwa wawili, yeye na kijana wake, mmoja anakata mwenzake yuko nyuma yake na rola rangi ikiwa bado mbichi, ukuta mmoja kutoka kona hadi kona bila kusimama hata simu ikiita. Mikono miwili, siku mbili. Ikafunika.

Sasa kuna uamuzi mmoja ambao sikuufanya mimi na nilikuwa naupinga. Nilimshauri Mama tubakize damu ya mzee kwenye ukuta wa TV na wa kochi tu, na ukuta wa dirisha kubwa tuupake krimu. Hoja yangu ilikuwa nzuri kwenye karatasi: ukuta wa giza kuzunguka dirisha lenye mwanga unachosha macho. Mama akanijibu, "Dada, mkipaka nusu kitaonekana kiraka. Ama kiwe pango zima ama msipake kabisa." Baba akakaa upande wangu. Tukashindwa wote wawili, tukapaka kuta nne.

Kisha yeye huyo huyo akauliza kwa nini skatingi na fremu za milango zibaki nyeupe, zinaonekana kama meno. Hapo nilimuunga mkono. Zikapakwa namba ile ile ila ya mng'ao wa satini maana zinagongwa na miguu na ufagio. Dari tukaitoa kwenye nyeupe kali tukaipeleka krimu hafifu yenye joto kidogo.

Taa: balbu ya katikati ya dari tukaipunguza kazi, zikaongezwa taa tatu za chini, moja nyuma ya kochi, moja kona ya vitabu, moja mezani, zote kelvini 2700. Ila kelvini peke yake haitoshi, na hili ndo watu wanakosea hata wakishajua habari za balbu za joto. Balbu nyingi za LED za kawaida zinatoa wekundu kidogo sana kwenye mwanga wake, na ukuta mwekundu unaweza kurudisha wekundu ule tu uliopewa. Tafuta kwenye boksi alama ya CRI, kipimo cha jinsi balbu inavyoonyesha rangi kwa uhalisia, iwe 90 kwenda juu, na kama wameandika R9, hiyo ndo inapima wekundu mzito hasa, isiwe chini ya 50. Tulijaribu balbu mbili zenye joto sawa na nguvu sawa, moja CRI 80 nyingine 95, ukuta ule ule. Ya kwanza ilitoa kahawia ya kuchoka. Ya pili Mama akasema "eeh, hii ndo niliyoiona dukani."

Korido

Korido sina mengi. Haina dirisha, ni nyembamba, na mtu ukitoka kwenye chumba chenye mwanga ukaingia humo macho hayajazoea, ndo maana wale watoto walikuwa wanakimbia wakipita. Damu ya mzee humo tuliiacha, tukaipaka krimu. Kurudisha krimu juu ya damu ya mzee kulitaka praima ya kuzuia mikono miwili, mmoja haukutosha, ukuta ulichungulia kipinki pinki, kisha krimu mikono miwili. Jumla mikono minne kwenye kitu ambacho mwanzoni kilikuwa cheupe na hakikuwa na shida yoyote. Mama mpaka leo anasema wangeweka taa za ukutani ingependeza, na labda ni kweli, ila Baba kwenye hiyo alisimama kama mlango.

Matokeo

Nilirudi baada ya wiki tatu na tena baada ya miezi minane kwa ruhusa yao.

Mabaka hakuna. Mkanda hakuna. Mchana chumba kina giza kuliko zamani, hilo halikwepeki, na mtu anayetaka kusoma mchana anasogea dirishani. Usiku ndo chumba kinapokuwa chenyewe, kuta zinarudi nyuma, kona huzioni, unaona watu na meza na zile duara tatu za mwanga. Na hapa nakiri: ule ukuta wa dirisha niliotaka uwe krimu ungeharibu kila kitu. Kona zinapotea kwa sababu kuta zote ni moja. Ungekuwa na ukuta mmoja wa krimu, jicho lingekuwa linarudi pale pale kila mara. Mng'aro wa dirisha niliokuwa nauogopa ulimalizwa na pazia jepesi la kupitisha mwanga, kitu cha dakika kumi.

Kuna hasara pia. Waliegemeza kabati dogo ukutani siku ya tatu baada ya kumaliza, likagandana na rangi, walipolivuta likang'oa ngozi ya rangi kama ukubwa wa kiganja. Nilikuwa nimesema wiki mbili angalau, maana rangi kukauka kwa kuguswa na rangi kukomaa ni vitu viwili tofauti, lakini wageni walikuwa wanakuja. Na ukifuta ukuta kwa kitambaa cheupe chenye maji, miezi ya mwanzo kitambaa kinatoka na wekundu kidogo. Haiharibu ukuta, ila inamshtua anayefuta.

Kochi bado ni la kijani kidogo. Wameliwekea mito ya kahawia na ya haradali, inasaidia kwa sababu jicho linapata kitu cha kulishika badala ya kijivu kitupu.

Uchambuzi

Watu wakisikia kisa hiki wanasema kosa ni la fundi. Mimi sioni hivyo. Fundi alifanya kazi ya krimu kwa ustadi wa krimu, shida ni kwamba hakuna mtu kwenye mnyororo mzima, kuanzia duka mpaka nyumbani, aliyemwambia kwamba kopo hili ndani yake sio kitu kile kile kilichobadilishwa rangi tu. Kopo lenyewe lilikuwa na maandishi yale yale, lita moja mita 12. Lile swali moja, "hii inataka andakoti ya rangi gani?", lingeuliza kila kitu kwa mkupuo, na makampuni mengi wana andakoti za kijivu za ngazi mbalimbali kwa ajili ya hili hili. Halikuulizwa.

Uchaguzi wa rangi nao ulikuwa wa bahati. Kikadi kidogo juu ya meza nyeupe kinaonekana cha giza kuliko kitakavyokuwa, kwa sababu ya weupe unaokizunguka, na wakati huo huo ukuta mzima utakuja na wekundu wa nguvu kuliko kikadi kwa sababu kuta zinaakisiana wekundu, kwa hiyo unakosea pande mbili kwa wakati mmoja. Kwa kesi hii rangi yenyewe iliangukia sawa. Ningekuwepo mwanzoni ningewafanyisha ubao, sentimita 60 kwa 60, mikono miwili juu ya kijivu, bila kuacha ukingo mweupe, unaubeba unausimamisha kila ukuta asubuhi, mchana, jioni na usiku taa zikiwaka. Ubao mmoja ungewaonyesha maini kabla Baba hajayaona ukutani. Kupaka kiraka cha kujaribia moja kwa moja juu ya ukuta mweupe ndo wanachofanya wengi na ni karibu na bure, unakuwa unaangalia weupe unaozunguka.

Kilichofanya kazi kuliko vyote, kama nikilazimishwa kupanga, ni taa. Naandika hili nikijua nimetumia aya nyingi kwenye andakoti. Andakoti iliondoa aibu, mabaka na mikanda, lakini siku tulipobadilisha balbu kabla hata ya kugusa msasa, ukuta ule ule mbovu wenye mkanda wake, Baba aliacha kusema maini. Kama una pesa ya kitu kimoja tu mwanzoni, nunua balbu nzuri moja, nenda nayo kwa rafiki mwenye ukuta wowote wa rangi nzito, iwashe, uone.

Kusubiri siku kumi kulikuwa uamuzi sahihi ila nilishindwa kuueleza. Niliwaambia "acheni ikauke", nao wakauona umekauka. Ningewaambia wabonyeze ukucha kila siku mahali pa kujificha nyuma ya kochi, siku ukucha hauachi alama ndo tuendelee, wangekuwa na kitu cha kupima na kile kipande kilichong'olewa na kabati pengine kisingetokea, maana wangejua kujipimia wenyewe baadaye.

Na kuhusu Mama na kuta zake nne, nimejiuliza kwa nini nilikosea. Nadhani nilikuwa naipangia sebule ya mchana, mimi mchana ndo nafanya kazi, naingia nyumba za watu saa nne asubuhi na daftari. Wao mchana hawapo nyumbani. Yeye alikuwa anaiwazia ya saa mbili usiku, watu wamekaa. Sikuuliza, siku hizi nauliza kabla ya kufungua kikadi chochote: hiki chumba mnakikaa saa ngapi?

Kwenye ile ndoo walibaki na kama lita 3, wameihifadhi kwenye kopo lililojaa hadi juu na kifuniko kimegongwa vizuri, juu wameandika namba, bechi na tarehe. Walitumia kidogo kuziba pale kabati liliponyofoa. Ukisimama mbele huoni kitu, ukisimama ubavuni taa ya kona ikiwaka unaona kiraka kinang'aa tofauti. Taa wameisogeza nusu mita.